Faili Ambalo Mashine Haikulijua

Mara ya tatu Scholastika aliijenga programu ile upya, na mara ya tatu alipoiendesha kompyuta ikamjibu yale yale: faili la maktaba ambalo programu hulitegemea, libchapa, halipatikani.

Alifumba macho. "Bwana, nimekosea wapi?"

"Mama Mchungaji, iwekee mikono basi!" Othmani alipaza sauti kutoka dirishani, na vijana wenzake wakaangua kicheko.

"Nikimaliza hii nakuwekea wewe."

Wakacheka zaidi. Hakuna aliyesogea kumsaidia.

Alikuwa na miaka hamsini na mmoja. Miaka ishirini na miwili alipiga taipu katika kiwanda cha kuchambua pamba, hadi kiwanda kikauzwa kwa mtu binafsi, naye akajikuta nje ya geti. Akaondoka Ulemo, akapanga chumba cha uani hapa Utemini, akaanza masomo ya jioni katika kituo cha kompyuta. Mwalimu Nasri alikuwa ametangaza kwamba atakayeiwezesha printa kuukuu kuchapa kabla ya Ijumaa kuisha ndiye atakayeajiriwa kituoni. Programu ya printa hiyo ilikuja kwenye CD ikiwa maandishi matupu ya msimbo, uijenge mwenyewe. Leo ndiyo Ijumaa, na jua lilishashuka hadi kwenye kizingiti.

Aliiambia mashine ilitafute faili lile katika kila folda. Likaonekana. Lipo, zima, pale pale alipoliweka.

Sasa kama lipo, mbona inasema halipo?

Akamkumbuka marehemu baba yake, balozi wa nyumba kumi kule Ulemo, aliyeandika wakazi na wageni wote daftarini. Shangazi alikuja kutoka Rungwa, akalala kwao siku mbili. Mgambo alipopita kuuliza wageni, baba alifungua daftari, akapitisha kidole, akasema, "Hakuna." Na shangazi ameketi hapo hapo anachambua mchicha! Hakuwa ameandikwa.

"Mwalimu," aliita, "hivi hii mashine ina balozi?"

Chumba kizima kililipuka. Nasri naye alicheka, kisha akamgeukia.

"Hebu rudia, mama."

"Faili limeshafika, limelala ndani. Ila hakuna aliyeliandikisha. Kuna daftari?"

"Lipo." Nasri akavuta kiti. "Nisamehe, mama yangu. Nimewafundisha kujenga na kuweka, hilo nikalisahau."

Akamwonyesha orodha ya folda ambazo mashine huzipitia inapotafuta maktaba. Folda ya Scholastika haikuwemo. Scholastika akaiongeza kwa mkono wake, kisha akaandika amri ya kuifanya mashine isome orodha upya: ldconfig. Akaiendesha programu tena na, kwa kujaribu, akaandika mstari mmoja, jina lake na nyumba anayokaa. Akajiombea kimoyomoyo, akabonyeza.

Printa ilikohoa, ikatulia, ikakohoa tena. Karatasi ikatoka na jina lake.

"Jumatatu saa mbili asubuhi, mama," Nasri alisema. Othmani alipiga makofi, peke yake.

Njiani alitafuta mtu wa kumwambia. Miezi minne Utemini, na salamu zake zote zilikuwa zinaishia bombani. Alipofika uani alisimama mbele ya kufuli, ufunguo mkononi, karatasi mkononi. Yeye binti wa balozi, hajawahi kuripoti kwa balozi wa hapa.

Hakufungua. Alirudi barabarani, akamuuliza muuza mkaa nyumba ya balozi, akaonyeshwa mlango wa kijani.

"Hodi."

"Karibu. Nani?"

Aliinyoosha karatasi yake vizuri, akaingia.