Wiki Nane Mbali na Meza ya Kukatia

Daktari aliposema wiki sita, nilimuuliza kama faili aliloshika ni langu. Mimi nilikuwa nimejipangia wiki mbili. Wiki mbili zilinitosha kujifungua na kurudi kazini, sembuse kupunguzwa matiti? Daktari mwenyewe ni mwanamke, mdogo kwangu kwa miaka kumi hivi. Alivua miwani, akanitazama bila haraka.

"Mama, anayefanya kazi ya kukaa ofisini namwambia wiki mbili. Wewe umeniambia unakata vitambaa kwa mkasi mkubwa, umesimama, kutwa nzima. Wewe ni wiki sita. Ukizipunguza, mshono utakuumbua."

Sipendi watu wanaozunguka mbuyu, kwa hiyo nieleze mapema. Sikwenda kupasuliwa ili nionekane msichana. Nina miaka arobaini na saba, na hata kama ningetaka kuonekana msichana, kifua ni changu, si cha mtaa. Mzigo ule niliubeba tangu nikiwa na miaka kumi na minne. Mikanda ya sidiria ilikuwa imenichimba mabegani mpaka ukilaza kidole kinaenea ndani. Jioni mgongo uliwaka, nikilala chali napumua kwa shida, nikilala ubavu ziwa moja linanivuta. Nilichoka, nikaamua, basi.

Karakana yetu inashona majoho na sare. Tuko watu kumi na mmoja, na umbea pale huwahi kazini kuliko wenyewe. Ndiyo maana siku ya mwisho nilisimama karibu na cherehani ya kwanza, nikawaambia wote kwa sauti: "Kesho nakwenda kupunguza kifua. Anayetaka kucheka acheke sasa, nimwone." Hakucheka mtu. Tajiri wetu, mzee mwenye haya, aliinama akaanza kuokota pini ambazo hazikuwepo. Mpiga pasi peke yake ndiye aliyefungua mdomo.

"Mama Mkasi, wakianza kukata, uhakikishe wanafuata alama."

Mama Mkasi ni mimi. Kwa miaka kumi na tisa nilikuwa mkuu wa meza ya kukatia, na kazi yenyewe ni hii: unatandika kitambaa matabaka manane, unachora kwa chaki tabaka la juu, kisha unakata yote kwa pamoja. La chini likihama hata upana wa kidole, umepata vipande vinane visivyojuana. Langu halikuhama. Tajiri alikuwa akiwaleta wateja mezani, anainua kipande cha juu na cha chini, anavibandika pamoja mbele yao, halafu ananitazama mimi kama aliyenizaa.

Msaidizi wangu tulimwita Chaki, kwa sababu ni mwembamba, mrefu, na gauni lake halikosi vumbi jeupe. Nilimfundisha miaka sita. Anajua kuchora kuliko mimi, hilo nasema wazi, lakini akishika mkasi matabaka yake ya chini yalikuwa yakizurura. Kila siku nilimwambia maneno yale yale: "Mkono wako hauna uzito." Naye kila siku alijibu, "Ndiyo, Mama."

Asubuhi ya upasuaji daktari alinichora kifuani kwa kalamu ya wino, nami nikajikagua kwenye kioo. Nikamwambia upande wa kushoto ameushusha kidogo. Alitabasamu kama mtu anayemvumilia mgonjwa, akapima tena. Ulikuwa umeshuka. Akaufuta, akauchora upya, na tangu hapo aliniheshimu.

Binti yangu ni mwalimu wa chekechea. Alichukua likizo, akahamia kwangu, akanilea kama mmoja wa watoto wake wa darasani. Nisinyanyue birika. Nisiinue viwiko kupita mabega. Nilale chali, mito mitatu mgongoni, ndani ya sidiria nene ya hospitali inayobana kama ina kisasi. Nikitaka kikombe cha rafu ya juu nimwite. Siku ya tano nilijaribu kukichukua mwenyewe alipokuwa bafuni, na maumivu yaliyonipata yalinikalisha chini. Alitoka akanikuta sakafuni, nimeshika kikombe, nashindwa kuinuka.

"Unajisikiaje?" aliniuliza.

"Kama mtu mzima aliyekatazwa kikombe."

"Basi nipe hicho kikombe."

Siku ya kumi walipoondoa bendeji, nilisimama mbele ya kioo, nikaogopa kutazama, nikatazama. Kulikuwa na uvimbe, na michubuko ya rangi ambazo sijawahi kuzishona, na mshono mwembamba ulionyooka. Nilimpa daktari alama zake zote. Halafu nikateremsha macho nikaona miguu yangu. Yote miwili, mpaka kucha, bila kuinama. Nilicheka mpaka nikashika mbavu kwa uchungu. Nilijivuna, sisemi uongo. Nilijivuna kwamba nimejifanyia jambo mimi mwenyewe bila kumwomba mtu ruhusa.

Wiki ya tatu tajiri alipiga simu. Majoho mia mbili ya mahafali yalikuwa yameagizwa, satini nyeusi, na satini inateleza kuliko sabuni. Aliniuliza hali, akaniuliza tena hali, nikajua kuna neno.

"Meza haiwezi kukaa bila mkuu," alisema mwishowe. "Wiki ya nne ikiisha kabla hujarudi, nitampa Chaki. Usinielewe vibaya."

Nilimwelewa vizuri sana. Ile meza ndiyo iliyonipa jina. Mtaani, sokoni, hata kanisani mtu akiniona husema yule ndiye anayekata bila kukosea. Nikiikosa, mimi ni nani? Mwanamke mmoja mwenye mgongo usiouma.

Wiki ya nne daktari alinikagua, akasema naendelea vizuri. Naweza kutoka, naweza kwenda kazini kukaa, naweza kuchora, lakini mkasi bado. Nilisikia "unaweza." Yaliyobaki niliyaacha mlangoni kwake.

"Unakwenda kukaa tu?" binti yangu aliuliza kesho yake, ameshika kitasa.

"Kukaa tu," nikamjibu, nikapita.

Nilipoingia karakanani, cherehani zilinyamaza, wakanisalimu kwa furaha, wengine wakijilazimisha kunitazama usoni tu. Chaki alikuwa mezani. Aliponiona alikusanya haraka vitu fulani vilivyokuwa juu ya kitambaa, akavisukuma kwenye rafu ya chini, akasogea pembeni.

"Karibu, Mama. Meza yako."

Satini ilikuwa imetandikwa matabaka manane, migongo ya majoho, imeshachorwa. Nilichukua mkasi, nikainama kama nilivyoinama miaka kumi na tisa. Maumivu yakanisimamisha. Hapo ndipo nilipogundua jambo ambalo sikuwahi kulijua. Meza yetu ni pana; ili kufika katikati, nilikuwa nakilalia kitambaa. Kifua changu chote kilikuwa kinakandamiza matabaka, na mkasi unapita pembeni yake. Sikuwahi kulifikiria, kama mtu asivyofikiria anavyotembea.

Ningeweza kuweka mkasi chini pale pale. Lakini tajiri alikuwa anatazama, mpiga pasi anatazama, na kiburi changu hakijawahi kupewa likizo. Nikakata kwa nguvu ya mkono tu, bila kukilalia kitambaa. Niliisikia satini ikihama chini ya mkasi, nikaendelea. Ikahama tena, nikaendelea. Nilipofika mwisho, tajiri alivua kipande kimoja kimoja, akavipanga. Migongo minane, hakuna uliofanana na mwenzake. Alivikunja, akaviweka pembeni. Heri angenigombeza.

Halafu nikasikia unyevu. Kwenye gauni langu, chini ya ziwa la kulia, kulikuwa na doa la ukubwa wa kifungo.

Walinikalisha kwenye kiti nimsubiri binti yangu. Nikiwa pale, Chaki alitandika satini nyingine. Bila kunitazama aliingiza mkono kwenye rafu ya chini, akatoa vifuko vinne alivyovishona kwa mabaki ya vitambaa, vimejaa mchanga, kila kimoja kinajaa kiganja. Akavipanga juu ya kitambaa. Akasimama wima, akakata, na kila mkasi ulipokikaribia kifuko alikihamisha mbele. Tajiri aliinua kipande cha juu na cha chini, akavibandika. Vilikuwa kitu kimoja.

Msichana hana kifua cha kulalia kitambaa. Alikuwa anakosa uzito, akajishonea. Na alivificha nilipoingia kwa kuwa alijua ningemcheka. Kweli ningemcheka. Miaka sita nimemwambia mkono wake ndio mbaya, kumbe nilikuwa namlaumu kwa kutokuwa na maziwa makubwa. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Daktari alisema mshono umefunguka kidogo, utaziba, niongeze wiki nne. Hakunikaripia. Binti yangu hakunisemesha siku mbili, na kimya chake kilikuwa kikali kuliko matusi. Siku ya tatu aliniletea chai, akakaa kitandani kwangu.

"Ulinidanganya kama mtoto, Mama."

"Nilikudanganya. Nisamehe." Halafu nikamwambia lililokuwa linanikaba. "Nadhani sijawahi kujua kukata. Nadhani kilichokuwa kinakata ni kile kifua."

"Hilo bado hujui," alisema. "Pona kwanza, ndipo ujue."

Nikapona. Mara hii nilitii kila kitu, mpaka birika. Siku moja, mchana kweupe, nililia nikiwa nakunja taulo, nikamaliza kulia, nikamaliza taulo. Sikujuta kupasuliwa, hata hiyo siku. Nilijutia mdomo wangu.

Wiki ya nane daktari aliniruhusu kushika mkasi, nikarudi. Tajiri alinipokea mlangoni, anakwepa macho yangu.

"Karibu, Mama Mkasi. Mkuu wa meza ni Chaki sasa, ndiye aliyemaliza majoho ya mahafali na tumepata mengine ya kwaya. Wewe nitakutafutia cherehani nzuri."

Nilijua atasema hivyo, na bado iliniuma. Nilimwambia asante, nikampita, nikaenda mezani. Cherehani zikazima moja baada ya nyingine. Chaki aliponiona alianza kukusanya vifuko vyake kama siku ile. Nikamwekea mkono juu ya mkono wake.

"Viache."

Akaviacha. Nikasema kwa sauti ile ile niliyotangazia upasuaji, maana nilimdhalilisha mbele ya watu na ilibidi nimsafishe mbele ya watu.

"Miaka sita nimekuambia mkono wako hauna uzito. Haikuwa kweli. Mkono wako ni mzuri. Mimi nilikuwa nakata kwa kukilalia kitambaa, na nilichokuwa nalalia kimepungua, kama wote mnavyoona. Nifundishe."

Mpiga pasi aliangua kicheko, wengine wakafuata, nami nikacheka nao. Chaki peke yake hakucheka. Alijifuta uso kwa kiganja, akajipaka chaki mpaka kwenye nyusi, kisha akanipa mkasi.

"Simama wima, Mama," alisema. "Usiinamie. Kifuko kimoja kila pembe, na cha karibu na mkasi unakihamisha kabla hujakifikia. Makali ya chini ya mkasi yasiachane na meza."

Nikasimama wima. Kitambaa kilitandazwa mbele yangu chote, kutoka ukingo hadi ukingo, na nikatambua kwamba sikuwahi kukiona chote kwa pamoja. Nikaanza. Mwanzoni nilikosea kuhamisha kifuko, Chaki akasema, "Taratibu," kama nilivyokuwa namwambia yeye, ila kwa upole ambao mimi sikuwa nao. Halafu mkono ukazoea. Mkasi ukafuata chaki, ukapinda panapopinda bega, ukashuka kwapani, ukanyooka mpaka chini. Mgongo haukuuma. Nilikata joho zima nikipumua vizuri.

Tajiri alikuja mwenyewe. Akainua kipande cha juu na cha chini, akavibandika, akavigeuza, akavibandika tena. Alitafuta kosa kwa muda mrefu kiasi cha kuudhi.

"Sawasawa," alisema.

Sikushangilia. Nilisimama tu, kifua mbele, kidogo na changu, nikajua kwamba mkono ule ulikuwa unajua kazi siku zote. Nilijivunia mkono. Nilimjivunia na yule aliyeunyoosha, ambaye nilimfundisha mimi, ingawa sehemu bora alijifundisha mwenyewe.

"Sasa mnanichanganya," tajiri alisema akijikuna kichwa. "Mkuu ni mmoja na meza ni moja."

"Mkuu ni Chaki," nikamjibu. "Hilo limekwisha."

Chaki alivuta vifuko viwili upande wake wa meza, akaniachia viwili upande wangu, akaanza kutandika kitambaa cha mikono ya joho. Tukashika ncha zetu, tumetazamana, na hakuna aliyemgusa mwenzake kiwiko. Meza ile ilikuwa na nafasi ya watu wawili tangu siku ilipoletwa. Ni mimi niliyekuwa nimeilalia.