Familia Haina Kadi

Foleni ya dirisha la bima hupangwa na vitu kabla haijapangwa na watu. Kandambili moja, chupa iliyojazwa mchanga, kanga iliyokunjwa, tofali. Alfajiri, akitoka shifti ya usiku, Jabiri alipita hospitalini akaweka kofia yake ngumu ya njano, ile ya kazini, nyuma ya tofali, kisha akaenda Buza kuwachukua mkewe na binti yao. Waliporudi, kofia ilikuwa imesogezwa nyuma ya watu wanne, karibu na pipa la taka.

"Nani kasogeza kofia yangu?"

"Upepo, kaka," alisema mwenye tofali, na watu wakacheka.

Jabiri hakuwa na nguvu ya kugomba. Alikuwa ameendesha foklifti usiku kucha kwenye bandari kavu, macho yanamuwasha kama yametiwa pilipili. Akaiokota kofia, akasimama pale pale penye pipa. Salma, mkewe, akasimama nyuma yake. Zuwena, binti yao wa miaka kumi na mitatu, akasimama nyuma ya wote wawili, mbali kidogo, kama mtu ambaye hakuja nao.

Mara ya kwanza alipotoroka walimkuta stendi ya Mbezi na sare zake za shule. Mara ya pili alifika Chalinze. Alisema anakwenda kwa bibi, na bibi mwenyewe, mama yake Jabiri, yuko kaburini Muheza tangu mwezi wa saba. Huyo bibi ndiye aliyemlea Zuwena miaka minne Salma alipokuwa Maskati akifanya kazi za ndani. Salma aliomba ruhusa aje kuzika. Tajiri wake akaikalia pasi yake ya kusafiria. Alifika arobaini imeshapita. Tangu siku hiyo Zuwena anakula peke yake chumbani, na akimtaja mama yake humwita "yule mgeni".

Hayo wangeyavumilia. Lakini wiki iliyopita mtoto alimwambia mwalimu wake kwamba haoni sababu ya kuendelea kuwepo. Mwalimu akawaleta hospitali siku hiyo hiyo. Mshauri, dada mmoja mpole aitwaye Asifiwe, aliwasikiliza mara moja bila kuwadai kitu. Akawaambia waje wote watatu, kila wiki, na wasichelewe. Hilo la kutochelewa alilirudia akiwa ameshika kitasa cha mlango.

Walipofika dirishani jua lilikuwa limeshawapiga visogoni. Ndani alikaa karani, Genoveva, na kikombe cha uji na kompyuta.

"Huduma gani, baba?"

"Kwa mshauri. Familia."

Jabiri akasukuma kadi tatu. Genoveva akazipanga mkononi kama karata, akamrudishia zote.

"Chagua moja."

"Sie tuko watatu."

"Nawaona. Ila kwenye mfumo hakuna familia. Kuna mgonjwa na ugonjwa wake. Familia haina kadi. Haya, nani anaumwa?"

"Dada, mshauri kasema tuje wote."

"Mshauri halipwi na maneno yake, analipwa na bima. Kama hutaki, dirisha la pili ni taslimu. Pale hawakuulizi kitu, ukilipa mnaingia hata na jirani. Ila bei imepanda tangu Januari." Akamtajia. Kikao kimoja tu kingekula karibu fedha za chakula cha wiki mbili.

"Na nikimpa jina, mtaandika ugonjwa gani?"

"Wa akili," alisema Genoveva, bila kupunguza sauti.

Mwenye tofali, ambaye alishahudumiwa lakini alikuwa bado anazubaa pale, akaacha kutafuna kipande cha muwa.

Jabiri akaifumbata kadi yake kiganjani. Kila mwezi bima hiyo inakatwa kwenye mshahara wake, na kila mwezi Praygod wa ofisi ya utumishi anapelekewa orodha ya nani katibiwa nini. Mwaka jana Nikodemu, dereva mwenzake, alikwenda kutibiwa kukosa usingizi. Wiki iliyofuata wakamnyang'anya ufunguo wa mashine, wakamkabidhi fagio. Mtu wa akili haendeshi tani tano, Praygod aliwaambia. Nikodemu bado anafagia, na kwa mshahara wa fagio alishahama nyumba.

"Basi tumwandike mama yake," Jabiri alisema taratibu.

"Usiniandike mie," alisema Salma.

"Kwa nini? Wewe huna bosi."

"Ninaye." Salma aliangalia chini. "Sadallah anawapimia afya watu wake hapa hapa. Kompyuta hiyo hiyo."

Sadallah ni wakala wa kupeleka wanawake Arabuni. Jabiri alimgeukia mkewe mwili mzima.

"Sadallah wa nini tena, Mama Zuwena?"

Salma alifungua pochi, akatoa bahasha nene. "Twende dirisha la pili. Nitalipa mie vikao vyote."

"Hela ya wapi?"

"Advansi. Nasafiri baada ya Idi. Miaka miwili tu, Baba Zuwena. Wewe unadhani tutamtibu kwa nini, kwa dua?"

"Yaani unamlipia dawa ya kuachwa kwa kumwacha?"

"Sema wewe basi tulipe na nini. Sema."

Nyuma yao Zuwena alikuwa amesikia kila neno. Hakulia. Aliitikia kwa kichwa kidogo tu, kama mtu aliyeletewa habari aliyokwisha kuijua.

"Jamani, mnaziba dirisha," alisema Genoveva.

"Mwandikeni mtoto," mwenye tofali akadakia. "Mtoto hana kazi ya kupoteza. Watu wana haraka zao."

Watu wakaitikia. Na Jabiri, ambaye alikuwa amewaza jambo hilo hilo tangu Genoveva alipotaja akili, akaisukuma kadi ya binti yake dirishani.

"Haya. Mwandike huyu."

"Mtoto, lete kidole."

Zuwena akasogea akanyoosha mkono, kwa utii ule wa mtoto anayetumwa dukani.

"Andika tu," alisema. Walikuwa hawajaisikia sauti yake tangu juzi. "Mie ndo mbovu."

Kidole kilikuwa hakijagusa kioo cha mashine ya alama za vidole. Salma aliudaka ule mkono, akauvuta pembeni, akabandika dole gumba lake. Mashine ikalia.

"Mie ndo mgonjwa. Andika."

Genoveva aliacha kikombe. "Mama, ikishaingia haitoki. Na wale wa safari wanaiona."

"Waione. Andika wa akili, andika kwa herufi kubwa."

Akamtupia Jabiri bahasha. "Mrudishie Sadallah. Imepungua, mwambie nitamtafutia."

"Imepunguzwa na nini?"

Salma alionyesha kwa kidevu. Zuwena alikuwa amevaa viatu vipya vya shule.

Mbele ya chumba cha mshauri alikaa nesi na rundo la karatasi. Akaisoma ya kwao.

"Salma. Ingia. Wasindikizaji kaeni nje."

"Hii ni ya familia, sista," alisema Jabiri.

"Karatasi ina jina moja. Nikiingiza watatu bima wanagoma kulipa, halafu nakatwa mie."

Salma akabaki amesimama mlangoni, hajui aingie au arudi. Ndipo Zuwena alipoinuka kwenye benchi, akachukua pochi ya mama yake iliyokuwa inaning'inia, akaivaa begani mwake mwenyewe.

"Wewe unakwenda wapi?" nesi akauliza. "Huyo mgonjwa ni nani yako?"

Mtoto aliangalia viatu vyake vipya.

"Mama."

Nesi akapumua. "Haya, mmoja. Kwa kuwa mgonjwa anahitaji kushikwa. Wa pili hapana."

Wakaingia. Jabiri akabaki nje na bahasha ya Sadallah mfukoni, na kadi yake safi isiyo na doa. Ndani alisikia kiti kikivutwa, kisha cha pili. Nesi akausukuma mlango ufunge.

Haukufunga. Kofia ngumu ya njano ilikuwa imekaa kwenye kizingiti, imebana kati ya mlango na ukuta.

"Baba, nani kaweka kofia hapa?"

Jabiri alikuwa ameshavuta benchi hadi kwenye ule uwazi, mahali anapowaona wote wawili na wao wanamwona. Akaketi.

"Upepo, sista," alisema, na hakuinama kuiokota.