Marehemu 38,412 na Mlango Mmoja

Mimi ndiye mtunza hifadhidata wa hospitali yetu hapa Accra, mwaka wa kumi na tisa huu. Jedwali la watu nililiunda mwenyewe, tena kwa majivuno: wagonjwa, wauguzi, madaktari, wafagiaji, wote humo humo. Mtu ni mtu, nilisema. Hata mlango wa chumba cha mitambo unalitegemea. Ukigusisha kadi, mlango unaandika kwanza saa ya kupita kwenye mstari wako wa jedwali, halafu ndiyo unafunguka.

Alhamisi moja asubuhi, Anti Dedei wa masjala akaja mezani kwangu na kijana aliyevaa nyeusi, mpwa wa Mzee Ataa Lomotey. Mzee alifariki Jumanne, mazishi Jumamosi, lakini kwenye kompyuta alikuwa bado mzima, na mochwari haitoi mwili wa mtu mzima.

"Odartey, muue huyu mzee haraka, wenzako wameshakodi viti," Anti akasema. Akamgeukia kijana. "Samahani mwanangu, ndivyo tunavyoongea huku."

"Namuua sasa hivi, Anti."

Nikaandika amri ya mistari miwili. Wa kwanza ulisema: hali iwe amefariki. Wa pili: kwa mwenye namba hii tu. Sasa, sisi wa kazi hii tuna mchezo wetu, tunavuta kipanya juu ya maandishi, na mashine inatekeleza kile kilichopakwa rangi tu. Nikavuta, nikatekeleza. Vitufe viwili vikatokea, kijani cha kuthibitisha na chekundu cha kutengua. Sijagusa hata kimoja, king'ora cha diski kikalia kule chumba cha mitambo.

"Nikichelewa, Anti, bonyeza kijani," nikasema, nikakimbia.

Mfagiaji alikuwa ameuzuia mlango usijifunge kwa kiti. Nikakisogeza nipite, ukajifunga nyuma yangu. Nikachomoa diski mbovu, nikatia nyingine, huku napiga mluzi. Hapo ndipo kitu nilichokiona kwa pembe ya jicho wakati nainuka kilipofika akilini. Chini ya skrini paliandikwa: mistari 38,412 imebadilishwa.

Nilikuwa nimepaka rangi mstari wa kwanza tu wa amri; bila wa pili, amri ilimhusu kila mtu.

Nikagusisha kadi. Taa ya njano. Ikabaki njano. Mlango ulitaka kuandika kwenye mstari wangu, na mstari wangu ulikuwa umeshikwa na amri yangu mwenyewe mpaka mtu athibitishe au atengue. Anti akibonyeza kijani, hospitali nzima imekufa, na mimi nimo. Mfumo hauna huruma na marehemu: unamfutia dawa papo hapo, unampa mwingine damu aliyotengewa. Wadi ya tatu walikuwepo wanawake wawili wanaosubiri damu. Nakala ya akiba ilikuwa ya Jumatatu. Simu yangu ilikuwa mezani. Skrini ya humo ndani ilikuwa kwa fundi tangu Pasaka.

Kupitia kioo cha mlango nilimwona Anti amekaa kwenye kiti changu, miwani puani, anakitafuta kijani.

Nikapiga kioo. Nikapiga kelele, lakini mafeni ya mle ndani yanameza sauti. Nikazungusha kidole kinyumenyume hewani, maana yake rudisha, rudisha!

Yule mpwa akachangamka. "Anti, anasema stendi ya Sakeli! Si ndiyo ishara ya makonda wa trotro wakiita abiria wa kule mzungukoni?"

"Sakeli kuna nini saa hizi?" Sauti yake ilinifikia kama ya mtu aliye ndani ya pipa. "Odartey, maliza kazi kwanza, utaenda Sakeli baadaye!"

Nikatikisa kichwa mpaka shingo ikalia. Nikapishanisha mikono, alama ya kukataza. Anti akanipungia, akashika kipanya. Akainama.

Nilikuwa nimebakiza kitu kimoja tu, na Mungu anajua sikukipenda. Huyu mama amenilisha kenkey tangu nikiwa kibarua. Nikainua mkono wa kushoto, ambao hapa kwetu kumwonyesha mkubwa ni tusi, nikauweka kwenye kioo, nikamwonyesha yeye, wazi, vidole vyote vitano.

Kipanya kikabaki peke yake.

"Mimi?" Akasimama. "Mimi, Odartey? Kushoto?"

"Anti, basi nibonyeze mimi?" mpwa akauliza, mkono tayari mezani.

"Usiguse kitu! Ngoja nimfundishe adabu kwanza."

Akaja mbio, kanga kiunoni. Nikalala kifudifudi, mdomo kwenye upenyo chini ya mlango.

"Nyekundu, Anti! Nyekundu! Nimewaua watu wote!"

Viatu vyake vikageuka mbio kuelekea mezani.

Niliona taa ya mlango ikiwa kijani nikiwa bado sakafuni. Nikatoka mbio hadi mezani. Nikafungua orodha ya wadi ya tatu. Wale wawili walikuwa hai, damu yao ipo.

Anti alisimama nyuma ya kiti changu. Nikaandika upya. Akaisoma amri yote kwa sauti, kidole kwenye skrini, akahakikisha mistari yote miwili imepakwa rangi.

"Ngapi?" akauliza.

"Mstari mmoja, Anti."

"Nani?"

"Mzee Lomotey peke yake."

"Haya, bonyeza." Nikabonyeza. Akamkabidhi kijana karatasi yake, akampa pole vizuri, akamsindikiza mpaka mlangoni. Akarudi, akavua miwani.

"Sasa inuka. Twende masjala ukaniombe msamaha mbele ya wasichana wangu wote."