Mabenchi ya Mburu

Jumamosi mchana, wanawake wa zamu walipokwisha kufagia kanisa na kunyunyiza maji sakafuni ili vumbi litulie, mabenchi yalitoka nje. Idah, mke wa Ephantus mzee wa kanisa, alikuwa bado mlangoni na ufagio wake, akasogea kando kuyapisha. Yalitoka moja moja, yale ya mbele kwanza. Yakageuka penye tangi la maji, yakashika barabara ya katikati ya kijiji kwa mstari mmoja, yakienda taratibu kama ng'ombe wanaoijua njia ya nyumbani.

"Haiya, mnaenda wapi na sijawapanguza?" Idah aliuliza.

Hayakujibu, kwa kuwa yalikuwa mabenchi.

Kijiji chenyewe kilikuwa kipya, huko Ruiru upande wa Theta, kimejengwa kwa amri mwaka ule wa Hali ya Hatari, kimezungushiwa handaki na miti iliyochongwa ncha. Nyumba za wake wa waliofungwa zilitengwa peke yake, ng'ambo ya kibanda cha askari. Mabenchi yalipofika kwenye kizuizi, askari mmoja aliinua mkono.

"Hayana kipande cha kupitia haya," akasema.

Mwenzake, Wamalwa, mtu wa Kakamega aliyekuwa amezoea mambo ya Ruiru, aliyatazama kutoka juu mpaka chini. "Hata mfuko wa kuwekea kipande hayana. Wacha yapite."

Akainua kizuizi. Mabenchi yakapita, yakafika kwa Waithira, mke wa Mburu seremala, aliyehamishiwa huko wiki ile. Waithira alikuwa anachagua maharagwe kwenye ungo. Alisema, "Karibuni," akamfukuza kuku, akaacha mlango wazi. Yalijipanga ndani kama yanavyojipanga kanisani, yakitazama upande mmoja, na yale ambayo hayakuenea yalibaki uani chini ya kamba ya nguo. Kabla jua halijatua, hata wapishi wa mashamba ya kahawa ya ng'ambo ya mto walikuwa na habari. Ruiru ni Ruiru. Siri ikizaliwa kule asubuhi, jioni imeshatahiriwa.

Aliyetengeneza mabenchi yale alikuwa Mburu mwenyewe. Alinunua mbao za podo Thika, akazipiga randa jioni baada ya kazi, na kanisa likampa ahsante na kikombe cha chai. Siku za Jumatano ushirika wa maombi ulikuwa ukikutana kwake. Nyumba ilijaa mpaka watu wakakaa kwenye kizingiti, wakiimba, wakiungama dhambi zao mbele ya wote kama desturi ya waliookoka, na Waithira akimimina chai kutoka kwa sufuria kubwa iliyokuwa na mpini mmoja. Walimwita "dada Waithira". Wengine walikuja kuungama, wengine walikuja kusikia waliyoungama wengine, na chai haikubagua.

Kisha kiapo cha wapiganaji wa msituni kikaja. Wanaume wa pale walikusanywa kwenye banda la kahawa wakaambiwa wale kiapo. Wakala. Waliookoka nao wakala, mmoja mmoja, macho yamefumbwa. Ephantus alikuwa wa pili kutoka mbele. Mburu ndiye aliyesema hapana, kwamba alikwisha kunywa damu ya Yesu na hawezi kuchanganya. Alipigwa mgongoni mbele yao mpaka shati likashikana na nyama. Asubuhi kila mtu alikwenda kazini kwake, na Jumapili walikutana kanisani wakaimba.

Mwezi haukuisha, serikali ikayaona makovu ya Mburu. Afisa aliingia kanisani katikati ya wimbo, na mkalimani wake, na Mburu amefungwa mikono. Shati lake likavuliwa mbele ya madhabahu.

"Afisa anasema makovu haya ni ya msituni," mkalimani akasema.

"Ni ya kukataa kiapo," Mburu akajibu. "Walinipiga mbele ya watu."

"Watu gani?"

Mburu aliinamisha macho akaitazama sakafu. Hakumtaja mtu.

"Basi aliyekuwepo asimame," mkalimani akasema. "Aliyeona huyu akikataa, asimame, na huyu atakwenda nyumbani sasa hivi."

Kusimama ilikuwa kusema, nilikuwepo. Na aliyekuwepo, kama hakupigwa, alikula. Kwa hiyo wakakaa. Benchi la mbele lililia kidogo, kama benchi linavyolia mtu akitaka kuinuka, kisha likanyamaza. Mburu akatolewa, akapelekwa kambi ya kizuizini. Wimbo ulikuwa umebaki ubeti mmoja, wakaumalizia.

Jumamosi iliyofuata ndipo mabenchi yalipotoka.

Jumapili asubuhi Ephantus aliwapeleka wanaume kuyarudisha. Waliyabeba begani, wawili kwa kila benchi, nyuso zimegeuzwa upande. Hakuna aliyemwambia Waithira "Bwana asifiwe", ingawa mmoja aliliambia benchi "pole" alipoligonga kwenye mlango. Jumamosi nyingine yakaenda tena. Ikawa ndiyo kawaida. Mabenchi yakaenda Jumamosi, wanaume wakayafuata Jumapili, na kwenye matangazo ya kanisa zamu ya mabenchi ikawa inasomwa kati ya zamu ya maua na zamu ya kuni.

Wazee waliketi wakashauriana. Hawakuuliza kwa nini yanakwenda, maana lile kila mmoja alilijua kwa tumbo lake. Waliuliza namna ya kuyazuia. Wakayafunga kamba, yakaenda na kamba. Wakayafunga mnyororo wa ng'ombe, yakaenda yakiuburuta, na ile kelele ikawaamsha watoto waliolala mchana. Wamalwa alilalamika, akasema mabenchi yaende bila fujo kama zamani.

Mwishowe Ephantus alipanda gari la moshi mpaka Thika na sadaka ya mavuno, akaingia dukani kwa Abdulkarim, aliyeuza vyombo karibu na msikiti.

"Nataka viti ambavyo haviendi," Ephantus akasema.

"Vya mbao vimekukosea nini?" Abdulkarim akauliza, akipima kitambaa cha mtu mwingine.

"Vinakwenda kwa mke wa seremala."

"Chukua vya chuma, mzee. Mbao ilikuwa mti, imezoea kuinuka. Chuma kilikuwa mawe. Hata nyumba ikiungua, kitangoja hapo hapo."

Viti vya chuma vya kukunja vikaja. Vilikuwa baridi, vilibana mapaja, lakini vilikaa. Mabenchi yakaachwa kwa Waithira moja kwa moja. Kanisa likashukuru kwamba jambo limekwisha.

Kwa Waithira halikuwa limekwisha. Asubuhi alichimba handaki kwenye kazi ya lazima, jioni alirudi kwenye nyumba iliyojaa mabenchi na isiyo na mtu. Kila Jumatano alichemsha chai ya sufuria kubwa, kwa mazoea ya mkono, na kila Jumatano aliimwaga kwenye mizizi ya mgomba. Kanisani alikwenda kila Jumapili, akasimama nyuma kwa kuwa hakuna aliyemwekea kiti. Sasa walimwita "yule mama".

Jirani yake, Wamboi, ambaye mumewe pia alikuwa kambini, hakuwa mtu wa kanisa na hakuwa mtu wa kumung'unya maneno.

"Wangu angalau alikula kiapo," akamwambia wakati wanatoa udongo. "Nikiulizwa amefungiwa nini, nina jibu. Wako amefungiwa nini? Kwa wokovu? Na waliokula wanakunja viti vya chuma kila Jumapili, haleluya!"

"Wamboi, niache."

"Sikuachi. Unakwenda kusimama kule kama mlingoti, wanakuona kama ukuta. Achana nao. Kuni tunaruhusiwa kuokota saa moja tu, na askari juu ya kichwa. Wewe una podo kavu imejaa nyumba nzima. Pasua, mama. Ota moto. Hata Mungu akiuliza, mwambie ulikuwa na baridi."

Waithira alicheka, maana lilikuwa neno la kuchekesha. Lakini jioni ile mvua ya baridi ya Julai ikanyesha, kuni zikawa hakuna, na chai ya Jumatano ilikuwa haijachemka. Alilishika shoka. Alisema kwa sauti, si kwa sala, kama mtu anayemwambia mwenzake sokoni, "Nimechoka. Imetosha." Akalipindua benchi la kwanza ili alipige tumboni, mahali ambapo mbao hupasuka kwa urahisi. Benchi halikubisha. Lililala miguu juu, likangoja.

Alipapasa kutafuta mshipa wa mbao. Upande ule wa chini ulikuwa laini. Mburu alikuwa ameupiga randa sawasawa na wa juu, upande ambao haukaliwi na mtu na hauonwi na mtu, na pembe zake alikuwa amezilainisha ili zisimkwaruze anayefagia. Akalipindua la pili. Nalo vile vile. Akayapindua yote, na mkono wake ukapita kila mahali bila kupata kibanzi.

Akalirudisha shoka nyuma ya mlango. Akayasimamisha tena mabenchi. Ile chai ikachemshwa kwa mabua ya mahindi, ikatoa moshi mwingi, ikaiva.

Mwaka uliofuata afisa mwingine alikuja kanisani, na mkalimani yule yule. Kesi za zamani zilikuwa zinaangaliwa upya.

"Afisa anasema hivi," mkalimani akasema. "Aliyekuwepo siku ile hafungwi tena. Atapokonywa kibali cha safari na cha kupanda kahawa, basi. Hata kusema hamtasema. Simameni tu. Mtu mmoja akisimama, Mburu atarudi kabla ya mvua."

Watu walitazama magoti yao. Wengi wao walikuwa wamekwisha panda miche. Ephantus alikuwa mbele, na Idah kando yake. Idah alijua, kwa sababu mumewe alikuwa akiungama usingizini.

"Baba Boaz," Idah akamnong'oneza mumewe. "Inuka."

"Goti limenibana."

"Inuka nalo hivyo hivyo."

Mkalimani alitazama mpaka nyuma. "Kuna mmoja amesimama. Wewe mama, ulikuwepo?"

Kanisa zima likageuka. Kwa muda ule mfupi Waithira angeweza kusema ndiyo. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni, na hakuna ambaye angethubutu kumkanusha, maana kumkanusha kungekuwa kusema, nilikuwepo.

"Sikuwepo," akasema.

"Basi mbona umesimama?"

"Sina kiti."

Mtu mmoja alicheka, akajifanya anakohoa. Ndipo Ephantus akainuka. Aliinuka kiasi cha mtu anayetengeneza koti lililokunjamana chini yake, akalitengeneza, akakaa. Kiti cha chuma hakikulia. Afisa alivaa kofia yake, akashukuru kwa Kiingereza, akaondoka. Siku hiyo walimaliza ibada mapema.

Jumamosi Ephantus alivuka kizuizi. Wamalwa hakumwuliza anakwenda wapi. Alimkuta Waithira akimimina chai, ingawa haikuwa Jumatano, kana kwamba alisikia viatu vyake njiani.

"Dada Waithira," akasema. Neno lile lilikuwa limekauka, likatoka kwa shida. "Nimekuja kuungama. Siku ile kwenye banda la kahawa..."

"Ulikuwa wa pili kutoka mbele. Mburu aliniambia usiku ule ule, nikimkanda mgongo."

Ephantus aliinua macho. "Na hukumwambia mtu?"

"Alinikataza. Alisema utajisemea mwenyewe, nikupe nafasi." Akamwekea kikombe mkononi. "Na mimi unaniambia ili nifanye nini, ndugu Ephantus? Mimi siye ninayeuliza, aliyeuliza ni afisa. Karibu ukae."

Ephantus alirudi nyuma ili akae kwenye benchi la mbele. Benchi likasogea. Halikumwangusha, lilisogea tu kwa adabu, kama mtu anayempisha mgeni, mpaka yeye akabaki amechuchumaa hewani na kikombe chake.

"Jaribu lile la dirishani," Waithira akasema. "Lile lina upole."

Lile la dirishani likasogea pia. Akajaribu yote, ya ndani na ya uani, akipita chini ya kamba ya nguo, chai ikimwagika kidogo kidogo kwenye koti lake la Jumapili. Yote yakampisha. Mwishowe akarudi ndani, akasimama katikati ya nyumba, miguu pamoja, mgongo umenyooka, na hivyo ndivyo alivyoinywa chai yake mpaka tone la mwisho.

Alimsimulia Idah. Idah hakuweza kukaa na habari kama ile peke yake. Jumamosi iliyofuata wakaja wanaume wawili, baadaye wanne, kisha wake zao, na kabla ya Krismasi nyumba ya Waithira ilikuwa imejaa tena kama zamani, mpaka kwenye kizingiti. Waliimba. Waliungama kwa machozi, wakataja banda la kahawa kwa jina, na nani alimfuata nani. Wamboi alisimama dirishani akisikiliza kila neno, akapewa kikombe. Waithira alimimina, akaongeza sukari, akauliza habari za watoto. Mburu alikuwa bado kambini, huko kwenye joto, kando ya reli ya Mombasa, na mvua ilikuwa imekuja na kwenda.

Hakuna aliyekaa. Wanaume wale walikunywa chai wamesimama wima, mikono imenyooka, mabenchi yamejipanga matupu kando ya ukuta. Kengele ya kafyu ilipolia walirudisha vikombe, wakaaga kwa heshima. Kesho yake wakaenda kanisani, wakakunjua viti, wakakaa.