Ndoo ya Matambara

Karakana ilikuwa bado inafuka moshi, na Masihara amechuchumaa uani mbele ya ndoo aliyoshindilia matambara ya mafuta, anaiomba ipate moto.

"Yaani iwake yenyewe?" shemeji yake aliuliza. "Bila kiberiti?"

"Bila kiberiti, shemeji, kama ile ndoo ya karakanani moto ulikoanzia jana usiku. Ni haya mafuta ya linsidi ninayong'arishia makabati. Yakikauka yanavuta hewa, na yakivuta hewa yanatoa joto. Tambara ukilianika kwenye waya, joto linajiendea zake. Ukiyashindilia pamoja, halina pa kutokea. Linapanda tu, linapanda, mpaka..."

"Mpaka karakana yangu jivu." Shemeji akamgeukia mkewe. "Unamsikia mdogo wako?"

Mtu mwingine angesikilizwa. Lakini huyu aliacha kemia chuoni mwaka wa pili, akaja kupiga vanishi na kutia watu presha. Chura kwenye boksi la misumari, yeye. Gundi kwenye kiti cha shemeji siku ya wageni, yeye. Jina la Masihara hakupewa bure.

"Sasa sikiliza," shemeji alisema, macho mekundu kwa moshi na kwa mengine. "Aliyenichomea hapa, hata awe nani wangu, polisi nampeleka kwa mkono wangu, na nyumbani kwangu hakanyagi tena. Jua likizama ndoo bado baridi, tunaondoka mimi na wewe."

"Mwache ajaribu, baba watoto," dada alisema. Tangu asubuhi alikuwa amesimama pale na ufagio, kama vile kulikuwa na cha kufagia.

Masihara akatia mkono. Baridi. Akafunika, akafunua. Baridi. Akafunika tena. Kijasho kikamtoka, na si cha jua. Vitabuni jambo hili lilikuwa mistari miwili; hakuna aliyemwambia kwamba siku moja angelisubiri hivi, roho mkononi. Akafunua tena.

Dada akampiga kofi mkononi. "We! Sufuria ukiifunua kila saa itaiva?"

Kweli. Joto alikuwa analitoa mwenyewe. Akaketi juu ya mikono yake, akasubiri.

Jua lilikuwa limeshagusa mapaa harufu ilipoanza, harufu ya mafuta yanayoungua. Shemeji akasonya, akachomeka mkono katikati ya matambara.

"Mama yangu!" Akauchomoa, anapuliza kiganja. Moshi mwembamba ukamfuata.

"Umeona!" Masihara alikuwa karibu kulia. "Umeona, shemeji! Na mimi jana niliyaanika yote kwenye waya. Moja moja. Ndiyo nikaondoka!"

"Uliyaanika?"

"Haki ya Mungu!"

"Basi nani aliyashindilia kwenye ndoo?"

Masihara akafungua mdomo. Baada yake huingia mtu mmoja tu, kufagia na kufunga milango. Mtu ambaye kila siku humgombeza: unaanika matambara kama bendera, wateja watatuonaje?

Ufagio ulianguka. Dada alikuwa anaitazama ndoo. Na shemeji naye alikuwa anaanza kugeuza shingo, polepole, kumwelekea mkewe.

Masihara akacheka. Akacheka mpaka akashika mbavu.

"Shemeji bwana, nimekupata! Nimetia kaa la moto humo chini. Si makaa yamejaa karakanani?"

"Unasemaje?"

"Na jana hivyo hivyo. Nilitaka moshi kidogo tu, mshtuke. Moto ukanishinda."

"Mdogo wangu..." dada alianza.

"Dada, watoto wana njaa. Nenda kapike."

Shemeji miaka yote hakuwahi kumwamini, leo kaamini yote. Akamkamata ukosi kwa mkono ule ule ulioungua, na Masihara akalisikia joto lake shingoni njia nzima mpaka getini.

Pale akageuka mara moja. Dada alikuwa amemimina maji kwenye ndoo. Sasa anayatoa matambara na kuyaanika kwenye waya, moja moja, ameyaachanisha vizuri.