Sindano ya Badar

Ti. Kitu chembamba kilianguka sakafuni gizani, umeme ukiwa umekatika Michenzani nzima. Nilikuwa nakung'uta kofia aliyoianza mume wangu, Badar. Tangu karakana ya gerezani ifungwe sikuwa na moyo wa kuigusa. Nikapapasa mpaka kikanichoma kidole. Sindano.

Nikakaa kitako papo hapo.

Badar yuko Chuo cha Mafunzo, gereza letu, kwa kesi ya unga, dawa za kulevya alizokuwa akizitumia. Mwanzoni mikono ilimtetemeka hata kikombe hakishiki. Ndipo Bi Riyama, afande wa karakana, akamfundisha kushona kofia. Badar alishona ubavu wa kofia, mimi nikaletewa nyumbani nimalizie duara la juu. Mikono ikatulia. Akaanza hata kunitania kwamba mishono yangu inakwenda upogo.

Kisha sindano moja ikakosekana. Wakapekuliwa wafungwa wote, magodoro yakachanwa, karakana ikatiwa kufuli. Hakuna aliyekumbuka kuwa mshonaji, kukiadhiniwa, huichomeka sindano kwenye kofia yenyewe, akaenda kusali.

Nikinyamaza, wanaume wote wale watabaki kutazama ukuta. Nikiirudisha, Badar ataadhibiwa. Kulipokucha sikungoja Ijumaa, siku yetu ya kumtembelea; nikamvisha binti yetu Nunu, tukenda.

Bi Riyama aliitazama sindano kiganjani mwangu, kisha akaenda kwa mkubwa wake. Alirudi macho mekundu. Karakana itafunguliwa, alisema, kwa wote isipokuwa Badar. Nikamwambia basi nifungwe mimi. Akanambia nisimkufuru Mungu. Atamwombea tena kwa mkubwa baada ya Ramadhani, lakini asinidanganye, hana uhakika.

Wakamleta Badar. Kumbe keshaambiwa. Alikaa ng'ambo ya wavu, mikono kaibana mapajani, nayo inacheza.

"Ulijua watanitoa?"

"Nilijua."

"Na ukaileta."

"Na wenzako je, Badar?"

Akacheka, cheko kavu. "Basi nenda kaolewe na wenzangu."

Nilimweleza habari ya Ramadhani. Hakusikiliza. Alikuwa anaitazama mikono yake kama ya mtu mwengine.

"Mie nshakwisha, Mardhiya," akasema taratibu. "Usinletee mtoto akaniona hivi. Msije tena."

Nunu akapanda juu ya benchi, akaubandika uso wake kwenye wavu.

"Baba, Ijumaa tunakuja."