Lori Lililotolewa Kionjeo

Maneno niliyasikia kwenye mashine ya kusaga, na tangu siku hiyo hayajanitoka. Walisema huko msituni lori moja la magogo, lililokuwa la jeshi, lilitolewa kionjeo, likanguruma toka asubuhi hadi jioni. Dereva alizima, akachomoa hadi betri, halikuzimika. Walisema lilikuwa linamtafuta mtu.

Mimi niliishia darasa la saba, injini sizijui. Lakini mwanangu Lusungu ana lori la namna hiyo hiyo, alilinunua mnadani, na juzi Fundi Chengula alilitoa kionjeo hapa hapa uani kwangu. Ndiyo maana naandika.

Kionjeo ni kidude kidogo ubavuni mwa pampu. Lori la jeshi limetengenezwa lile mafuta yoyote, petroli, mafuta ya taa, dizeli, na kidude hicho huonja yaliyoingia kama ni mepesi au mazito, ndipo pampu ijue ipeleke kiasi gani. Cha Lusungu kilikuwa kinavuja. Fundi akakitoa, akaziba pale kwa kipande cha chuma na boliti mbili, akasema, "Kuanzia leo dizeli tu."

Basi usiku wa jana niliota.

Niliota niko kliniki ya watoto, nimepanga foleni, nimebeba injini mgongoni kwa kitenge. Haikuwa nzito sana. Wenzangu waliniuliza ina miezi mingapi, nikawaambia miwili.

Nesi ni dumu la njano lililovaa gauni jeupe. Anaitundika injini kwenye mzani, inaning'inia, inazungukazunguka taratibu.

"Kamwene, mama," injini inanisalimu kutoka kule juu.

"Kamwene."

Nesi anaandika kwenye kadi. "Unampa nini?"

"Dizeli."

"Dizeli tu?"

"Dizeli tu."

"Hata maji humpi?"

"Simpi."

"Muongo huyo," injini inasema. "Jumanne amenipa taa. Kidogo, kwenye kijiko."

Foleni nzima inageuka. Nilitaka kukana nikashindwa, kwa sababu Lusungu alipokuwa na miezi miwili nilimpa maji ya sukari kwa kijiko, na nesi wa kweli nilimwambia sijampa kitu. Sijui injini ililijuaje hilo.

"Zamani ungempa hata mawese," nesi anasema, wala hajakasirika. "Alikuwa na cha kuonjea. Mmekitoa. Sasa nani atamwonjea?"

Nageuka nyuma, foleni haipo. Amebaki mama mmoja anakohoa, kisha naye hayupo, kimebaki kikohozi.

"Mimi," nikasema.

"Haya, fungua mdomo."

Anachukua spana namba kumi na tatu. Haiumi. Nasikia kitu kinalegea nyuma ya meno, robo mzunguko, robo mzunguko, kisha anakiweka kwenye bakuli na kuniziba pale kwa kipande cha chuma. Anakaza boliti mbili.

"Usile mpaka gasketi ikauke," ananiambia.

Nafunga mdomo, na kliniki imekuwa mteremko wa msituni. Mipaini imesimama huku na huku, imetulia kama inangoja kupimwa uzito.

Lori linashuka na magogo. Ndani yumo Lusungu, mtu mzima wa miaka ishirini na sita, amevaa kofia ya sufu niliyomfumia alipokuwa mchanga. Inamtosha. Mimi natembea tu kando ya lori, sikimbii, na siachwi. Mti mmoja wenye alama nyekundu tumeupita mara tatu.

"Zima," namwambia.

"Nimezima, mama. Toka jana nimezima."

"Shuka basi."

"Inasema bado."

"Bado nini?"

"Haijasema."

Moshi mweupe unatoka, tena unaingia mlangoni kwake badala ya kwenda juu. Nikawa simwoni uso, naiona kofia tu.

"Mama," injini inaniita. "Sijui ninakula nini. Ninakula tu."

Natia kidole kwenye tanki, nalamba. "Taa," nasema. "Umechanganyiwa taa."

Ikazima. Hata miti iliacha kuvuma.

"Asante," ikasema kwa sauti ndogo. "Na kesho utaniambia?"

Nikasema ndiyo. Mama gani angesema hapana.

Nilipoamka kumeshakucha. Lusungu alikuwa uani, anajiandaa kwenda kubeba magogo, safari ya kwanza tangu fundi afanye kazi yake. Akanimiminia chai. Haikuwa na ladha. Nikaongeza sukari, wapi. Nikatia chumvi kiganjani nikailamba, ikawa kama nalamba ukuta.

Mlangoni palikuwa na dumu la dizeli alilonunua barabarani. Sikufikiri. Nikachovya kidole, nikalamba, na ladha ikaja yote.

"Robo ni taa," nikasema.

Lusungu akacheka. "Mama nawe, umeanza lini kunywa dizeli? Na hata ikiwa taa, hili gari la jeshi, linakula chochote."

"Lilikuwa linakula chochote."

Fundi Chengula alipopita kukagua kazi yake, nikamwonyesha. Akatia kidogo kiganjani, akanusa, akasugua kwa vidole. Yeye hakucheka.

"Mwaga," akamwambia Lusungu. "Ukishuka na hii, pampu inakauka, inakwama ikiwa wazi. Huizimi tena." Kisha akanigeukia. "Mama Lusungu, umejuaje?"

Nikamwambia nimenusa.

Lusungu hakwenda. Sasa ni saa kumi jioni, mboga nimeunga kwa kukisia, chumvi bado siisikii. Wenzangu wenye watoto wenye malori haya, shikeni maneno haya:

Usichanganye taa kwenye lori lililotolewa kionjeo, hata kikombe.

Usinunue dumu la barabarani.

Usimsikilize anayesema la jeshi linakula chochote.

Injini ikigoma kuzima, inyime hewa, lakini usizibe tundu lake la hewa kwa kiganja. Tumia ubao.

Usisimame mbele yake.

Usimdanganye nesi.

Ukiulizwa nani atamwonjea, usijibu. Mimi nimeshajibu.